Nyuzinyuzi zitolewe au zisitolewe? Kusoma wanga kwenye pakiti ya chakula cha mtoto mwenye kisukari

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Binti yangu ana miaka 9, ana kisukari aina ya kwanza na anachoma insulini kabla ya kila mlo. Kliniki walitufundisha kuhesabu wanga, yuniti 1 kwa kila gramu 15, na wakatuambia nyuzinyuzi hazipandishi sukari, kwa hiyo tuzitoe kwenye hesabu. Wifi yangu aliyeko Marekani alituletea maboksi ya pumba za ngano za kunywea chai asubuhi. Tukawa tunatoa nyuzinyuzi, na sukari ya mtoto ikatulia vizuri kabisa. Yalipoisha, kaka yangu akaja na boksi la aina hiyohiyo kutoka Uingereza. Hesabu ni ileile na bakuli ni lilelile la gramu 60, lakini asubuhi tatu mfululizo sukari imetoka 6 au 7 (mmol/L) ikafika 14 na 15 baada ya saa mbili. Mume wangu anasema insulini imeharibika na tuitupe. Mimi naogopa huenda nakosea kuchoma. Nimekutumia picha za lebo zote mbili. Tatizo liko wapi?

Jibu: Dada, kabla hamjaitupa hiyo insulini, zitazame tena picha ulizonitumia. Nimezikuza na kuzisoma mstari kwa mstari. Hesabu mliyofundishwa kliniki ni sahihi kwa boksi la wifi yako. Kwa boksi la kaka yako, nyuzinyuzi zilikuwa zimeshatolewa na kiwanda kabla hamjalifungua, nanyi mkazitoa mara ya pili.

Boksi la Marekani linatoa hesabu kwa kipimo cha gramu 40: kalori 120, mafuta gramu 1, wanga 31, nyuzinyuzi 11, sukari 7, protini 5. Boksi la Uingereza linatoa kwa gramu 100: kilokalori 334, mafuta 3.5, wanga 48, sukari 18, nyuzinyuzi 27, protini 14.

Sasa acha namba kwanza, tazama maneno yalivyopangwa. Kwenye lebo ya Marekani, maneno "Dietary Fiber" yameandikwa chini ya "Total Carbohydrate" na yamesogezwa ndani kidogo, kama mtoto aliyesimama nyuma ya mama yake. Maana yake nyuzinyuzi zimo ndani ya ule wanga wa gramu 31. Kwenye lebo ya Uingereza kuna "Carbohydrate", chini yake "of which sugars", kisha "Fibre" inaanzia ukingoni, sawa na wanga wenyewe na protini. Hiyo imejitegemea. Wanga wa gramu 48 ulioandikwa pale ni ule tu unaoingia kwenye damu, na nyuzinyuzi 27 ziko nje yake.

Usinikubalie kwa maneno matupu, maana lebo yenyewe inaweza kukuthibitishia. Chukua boksi la Marekani, ujumlishe: mafuta 1, wanga 31, protini 5. Unapata gramu 37. Zile 3 zilizobaki kufikia 40 ni maji kidogo na madini. Hapo imetimia. Ukizichukulia nyuzinyuzi 11 kuwa ziko nje ya wanga na ukaziongeza, unafika 48, na chakula cha gramu 40 hakiwezi kuwa na vitu vya gramu 48 ndani yake. Kwa hiyo zimo ndani. Nenda kwenye boksi la Uingereza: mafuta 3.5, wanga 48, protini 14, jumla 65.5. Chakula kikavu vile, kinachovunjika mkononi, gramu 34 na nusu zimekwenda wapi? Hayawezi kuwa maji yote. Ongeza nyuzinyuzi 27, unafika 92.5, na zilizobaki ni maji na madini. Hapo hesabu imekaa.

Hiyo ndiyo kazi ninayowapa wazazi kliniki, tena kwa kalamu na karatasi, kwa sababu ukishaifanya mara mbili tatu hutahitaji kumuuliza mtu. Inafanya kazi vizuri kwa vyakula vikavu: pumba, shayiri, unga, biskuti, tambi.

Kwa chakula chenye majimaji, kama maharage ya kopo, hujui maji ni kiasi gani, hivyo tumia nishati. Gramu ya wanga hutoa kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9, na ya nyuzinyuzi huhesabiwa 2. Tuseme kopo limeandikwa kwa gramu 100: kilokalori 86, mafuta 0.5, wanga 13, nyuzinyuzi 5, protini 5. Nyuzinyuzi zikiwa nje, utapata 4.5 na 52 na 10 na 20, jumla 86.5. Zikiwa ndani, wanga halisi unabaki 8 na jumla inashuka hadi 66.5. Kopo linasema 86, kwa hiyo ziko nje na usitoe kitu. Viwanda vingine vya Marekani huzihesabu baadhi ya nyuzinyuzi kuwa hazina nishati kabisa, kwa hiyo jumla yako inaweza kupishana kidogo na ya kwenye lebo. Chagua jibu lililo karibu zaidi.

Sasa tulirudie bakuli la binti yako, gramu 60. Kwa boksi la wifi: 31 kutoa 11 ni 20 kwa kila gramu 40, hivyo bakuli lina gramu 30 za wanga, yaani yuniti 2. Kwa boksi la kaka, mlifanya 48 kutoa 27, mkapata 21 kwa gramu 100, na kwa bakuli 12.6. Mkachoma chini ya yuniti 1. Hesabu yake halisi ni 48 mara 0.6, ambayo ni gramu 28.8, karibu sawasawa na boksi la kwanza, kama inavyopaswa kuwa kwa chakula kilekile. Gramu 16 za wanga ziliingia mwilini bila insulini ya kuzipokea. Sukari kupanda hadi 14 kwa mtoto wa miaka 9 ilikuwa ni lazima.

Na nikuombe jambo moja: usijilaumu. Ulifundishwa kanuni moja ukaifuata kwa uaminifu, na hakuna aliyekuambia kwamba neno wanga linapovuka bahari linabadilika maana.

Tofauti hii ni ya zamani. Marekani wanaufuata mtindo wa kupata wanga kwa kutoa: unapima maji, protini, mafuta na madini, na chochote kinachobaki unakiita wanga. Nyuzinyuzi zinabaki humo kwa sababu hakuna aliyezitenga. Uingereza njia ilibadilika miaka ya 1920, na kilichoibadilisha ni kisukari chenyewe. Daktari R. D. Lawrence wa London alikuwa na kisukari, na insulini ilimfikia mwaka 1923 akiwa mahututi. Alitaka wagonjwa wake wajue ni kiasi gani cha tunda au mboga kinachogeuka kuwa sukari mwilini. Akashirikiana na R. A. McCance, na mwaka 1929 wakatoa majedwali yanayotenga wanga unaotumika mwilini na usiotumika. Nikiwafundisha wazazi huwa napenda kulitaja hili. Mstari wa wanga mnaousoma kwenye boksi la Uingereza ulichorwa kwa ajili ya watu kama binti yako.

Leo, sheria ya Umoja wa Ulaya ya lebo za vyakula, namba 1169 ya mwaka 2011, inataka wanga uandikwe bila nyuzinyuzi na kwa gramu 100 au mililita 100. Uingereza ilibaki na utaratibu huo hata baada ya kujitoa. Australia na New Zealand nako nyuzinyuzi ziko nje. Kanada iko upande wa Marekani. Bidhaa za Afrika Kusini, ambazo madukani kwetu ni nyingi, mara nyingi zimeandikwa "Glycaemic carbohydrate", na hizo nyuzinyuzi zimeshatolewa. Zinazopitia Dubai na Muscat huja kwa sura zote mbili, kutegemea zimetengenezwa wapi, na pakiti za viwanda vyetu wenyewe nimekutana nazo za namna zote mbili. Kwa hizo usibahatishe, fanya ile jumla.

Kuna upande wa pili wa kosa hili ambao unanitisha zaidi kuliko lililowapata. Mzazi aliyezoea lebo za Uingereza akishika boksi la Marekani bila kutoa nyuzinyuzi, kwa bakuli lile la gramu 60 atahesabu gramu 46 na nusu badala ya 30. Atamchoma mtoto yuniti 1 zaidi ya anayohitaji, na sukari itashuka mtoto akiwa darasani, mbali na macho ya mama. Sukari ya 14 inaumiza polepole na inarekebishika. Ya 2.8 inamwangusha mtoto mchana kweupe. Kwa hiyo pakiti usiyoielewa, yenye nyuzinyuzi nyingi, iweke kabatini hadi uifanyie hesabu, na asubuhi hiyo mpe chakula unachokijua.

Nimesema yenye nyuzinyuzi nyingi kwa makusudi. Mkate mweupe, tambi za kawaida na biskuti za chai zina gramu 1 hadi 3 tu kwa kiasi anachokula mtoto. Hapo ukitoa au usipotoa, insulini haibadiliki. Shida inaanza zinapofika gramu 5 au zaidi kwenye sahani moja: pumba, maharage, dengu, dona, na vyakula vinavyouzwa kwa sifa ya kuwa na wanga mdogo.

Tena kuna kliniki, hasa Marekani, zinazofundisha kuhesabu wanga wote bila kutoa nyuzinyuzi, na uwiano wa insulini umepangwa kwa mtindo huo. Kwenu mmeambiwa mtoe, basi endeleeni hivyo. Ule uwiano wa 15 msiuguse bila kuongea na daktari wake.

Nije kwenye dona, maana najua mtoto hali pumba siku nzima. Tuseme pakiti ya unga imeandikwa kwa gramu 100: wanga 76, nyuzinyuzi 7, protini 8, mafuta 3.5. Jumla bila nyuzinyuzi ni 87.5, na unga mkavu una maji ya gramu 11 au 12 hivi pamoja na madini kidogo. Imefika 100. Nyuzinyuzi zimo ndani, kwa hiyo wanga halisi ni 69.

Lakini mtoto hali unga, anakula ugali, na hapa ndipo familia nyingi zinapopotea hata zikiwa na lebo nzuri. Namba ya pakiti ni ya unga mkavu. Fanya hivi mara moja tu, siku ya mapumziko. Pima sufuria tupu kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito wake kwenye kitako kwa wino usiofutika. Pima unga unaotaka kuusonga, tuseme gramu 400. Hapo una gramu 276 za wanga, na maji hata uongeze vipi hayaongezi wanga. Songa ugali kama kawaida yako. Ukiiva, pima sufuria pamoja na ugali, utoe uzito wa sufuria. Ikiwa umepata gramu 1,150, gawanya 276 kwa 1,150: kila gramu 100 za ugali wako zina wanga wa gramu 24. Kipande cha mtoto cha gramu 180 ni gramu 43. Bandika namba hiyo ukutani jikoni. Itadumu maadamu unaosonga ni mkono mmoja. Akija bibi anayependa ugali mgumu, pima upya, kwa sababu maji yakipungua kila tonge linabeba wanga zaidi. Ule ukoko unaobaki chini ya sufuria si kitu cha kukuumiza kichwa. Kwa wali na uji njia ni hiyohiyo, na kwa maandazi pia, ila huko ongeza sukari uliyotia kwenye unga, gramu kwa gramu.

Swali la maandalizi linahusu pia vitu vya kuchanganya. Sharubati ya chupa inaweza kuandikwa namba ya ikiwa nzito au ya ikiwa imeshatiwa maji, na tofauti ni mara nne au tano. Tafuta maneno madogo yanayosema "as sold" au "as prepared", yaani kama ilivyouzwa au kama ilivyoandaliwa. Boksi la kaka yako lina safu ya pili yenye namba za chakula kikiwa pamoja na maziwa. Sizipendi safu hizo, kwa sababu maziwa wanayoyapima wao sio unayomimina wewe. Tumia safu ya gramu 100 peke yake, na maziwa uyahesabu pembeni: ya ng'ombe, mililita 100 zina wanga wa gramu 5 hivi. Natumaini mnayahesabu, hukuyataja kwenye barua.

Mstari wa sukari usikusumbue. Sukari iliyoandikwa chini ya wanga imo ndani ya wanga, usiiongeze juu yake. Kosa ninaloliona kila wiki ni kinyume chake: mtu anaangalia sukari peke yake, anaona sifuri, anampa mtoto biskuti zilizoandikwa hazina sukari, na wanga wake ni gramu 65 kwa 100. Unga wa ngano unageuka sukari tumboni uwe umetiwa utamu au haujatiwa.

Biskuti na chokoleti hizo za watu wa kisukari huwa na polioli, vitu vitamu kama maltitoli, sobitoli na erithritoli. Kwenye lebo zote mbili zimo ndani ya wanga. Erithritoli unaweza kuitoa yote. Zilizobaki toa nusu, na kwa maltitoli mimi huwa nasema pima sukari baada ya saa mbili kabla hujaiamini, maana inapandisha zaidi ya wanavyodhani wengi. Na pale ambapo pakiti ya Marekani imejitangaza mbele kwa herufi kubwa "Net Carbs 3 g", geuza nyuma. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijawahi kuliwekea neno hilo maana ya kisheria, kila kiwanda kinatoa kinachotaka kukitoa. Kwa kweli ningependa mtoto asizizoee bidhaa hizo. Ni ghali, zikizidi zinaharisha, na biskuti mbili za kawaida zilizohesabiwa vizuri zinamfaa zaidi.

Kuhusu usahihi: msikimbizane na desimali. Nilikaa na baba mmoja aliyekuwa anapima wali wa mwanawe hadi nukta moja ya gramu, na mlo ukageuka mtihani kwa nyumba nzima. Mwongozo wa Ulaya wenyewe unakiruhusu chakula chenye wanga unaozidi gramu 40 kwa 100 kipishane na lebo kwa gramu 8 juu au chini. Marekani wanazungusha hadi gramu nzima, na kilicho chini ya nusu gramu kinaandikwa sifuri. Kwa hiyo 28.8 iwe 29 na uendelee na siku yako. Gramu 2 au 3 mwili wa mtoto hautazisikia sana, lakini zile 16 umeona zilivyofanya. Mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja inatosha kabisa, na ni muhimu kuliko kikombe, kwani pumba zilizosagika chini ya boksi hujaa kwenye kikombe kuliko zile za juu.

Kesho asubuhi, basi: gramu 60 za boksi la Uingereza ni wanga wa gramu 29. Maziwa yakiwa mililita 150, ongeza 7 au 8. Jumla ni 36 au 37, ambayo kwa uwiano wenu ni kama yuniti 2 na nusu. Ikiwa kalamu yenu ya insulini haipimi nusu yuniti, punguza pumba ziwe gramu 45, na kwa maziwa hayohayo jumla itakuwa karibu 30, yaani yuniti 2 kamili. Piga simu kliniki leo uwasomee hesabu hii kabla ya kuitumia, wao ndio wanaomjua mtoto. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, asubuhi tatu, uandike. Sukari ikiendelea kupita 12 hata kwa hesabu hii, hapo ndipo tuzungumze juu ya ile insulini ambayo mume wako anasema imeharibika: imekaa wapi, imefunguliwa lini, na kama ilipata joto njiani. Niandikie hizo namba sita, nazisubiri.